Mfuko Uliooza Kabla ya Hukumu

Kuna nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi. Kama wewe unalikumbuka, hiyo ni juu yako; mlango wangu mimi hauna hata komeo la kuwazuia askari. Ninachoweza kusema ni kwamba nchi hiyo ilikuwa na bendera nzuri, wimbo wa taifa mrefu, na mifuko ya nailoni.

Mifuko ilikuwa mingi kuliko watu. Ilining'inia kwenye michongoma, ikaziba mitaro, ikaingia matumboni mwa ng'ombe. Mchinjaji wa manispaa alipopasua tumbo la ng'ombe alitoa mifuko kwanza, akaikung'uta, akaisuuza katika ndoo ile ile ya kuoshea maini, kisha akamfungia mteja nyama ya ng'ombe huyo huyo kwa mfuko huo huo. Mteja alipika, akala, akautupa mfuko nje. Ng'ombe mwingine akapita, akaumeza. Waziri wa Usafi na Sifa za Taifa aliuita utaratibu huo uchumi wa mzunguko, akaitwa ughaibuni kupewa nishani.

Mtaa wa Mabondeni ulikuwa na habari yake. Mtaa huo haukuwa na choo. Mtu akibanwa alijisaidia ndani ya mfuko, akafunga fundo, akarusha. Ulipotua ni shauri la mwenye bati. Mabondeni mtu aliyetoka bila mwavuli wakati wa kiangazi alijulikana mara moja kuwa ni mgeni.

Sasa siku moja Waziri alipeleka wageni Mabondeni kuwaonyesha maendeleo, akakanyaga mfuko uliojaa. Ulipasuka. Viatu vilikuwa vipya, na wageni walikuwa na kamera. Waziri alirudi ofisini akiwa peku, akatangaza redioni kwamba kuanzia siku hiyo mifuko yote ya nchi ile ingeoza. Ni amri.

Umoja wa Wafungashaji, ambao ndio waliotengeneza mifuko, walitii kabla redio haijazimwa. Walichapa picha ya jani la kijani kwenye kila mfuko, na Bunge likapitisha sheria ya mstari mmoja: mfuko wenye jani utahesabiwa kuwa umeoza. Basi ikawa mifuko iliyojaa kwenye michongoma haipo, maana imekwisha kuoza, na raia aliyesema anaiona alikuwa anaona kinyume cha sheria. Wawili watatu walifungwa kwa macho yao.

*

Mabondeni alizaliwa msichana aitwaye Asteria Lumbwe. Mama yake, Mama Yustina, alikaanga vitumbua chini ya mwavuli, na kwa vitumbua hivyo akamsomesha mtoto hadi akawa daktari. Si wa sindano; wa kemia, pale Chuo Kikuu cha Taifa.

Utafiti wake, kwa jinsi mimi nilivyouelewa, ulikuwa hivi. Plastiki ni mnyororo mrefu sana, pete kwa pete, na minyororo ya nailoni hakuna mdudu mwenye meno ya kuikata. Dakta Asteria alichukua wanga wa muhogo, akaukutanisha na ile asidi inayopatikana vitu vikichacha, akaunda mnyororo ambao pete zake maji yanaweza kuziingia na kuzilegeza. Maji yakishalegeza, bakteria wanakuja kula. Ukitaka kuona wanavyokula, funika ugali wa jana, uusahau wiki nzima, kisha funua. Mfuko wake ulibeba nyama bila kuvuja, ukabeba na vile vingine vya Mabondeni bila kuvuja, na ukizikwa ulirudi kuwa udongo.

Majarida ya kisomi ya ng'ambo yaliuchapisha utafiti huo. Makamu Mkuu wa Chuo akaandaa sherehe, akahutubia kuhusu enzi mpya, na wageni wakaondoka na keki zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni yenye jani.

Kosa la Dakta Asteria lilikuwa kwenda sokoni. Alibeba mzigo wa mifuko yake, akawagawia wateja wa mama yake. Askari akafika kabla vitumbua havijapoa.

"Dada, mfuko wako una jani?"

"Hauna. Lakini unaoza."

"Sijakuuliza kama unaoza. Nimekuuliza kama una jani."

"Afande, jani ni picha tu. Huu unaoza kweli."

Askari akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akiingia mtoni na simu mfukoni. "Ungenyamaza hapo kwenye jani," akasema, "ningekushitaki kwa kosa moja."

Akashitakiwa kwa mawili: kugawa mfuko usio na jani, na kudai hadharani kwamba mfuko umeoza pasipo kuhesabiwa. Adhabu ya kosa la pili ilikuwa kifungo cha muda sawa na ule ambao mfuko wa kawaida hudumu ardhini. Yaani karne kadhaa. Wale wale walioandika kwamba mifuko imekwisha kuoza ndio walioandika adhabu hiyo, na hakuna aliyejikuna kichwa.

Kinga ilikuwa moja tu: athibitishe mbele ya Mahakama kwamba mfuko wake unaoza kweli. Akithibitisha, aende nyumbani. Asipothibitisha, mifupa yake iende nyumbani.

"Si jambo gumu hilo, mama," Dakta Asteria alimwambia Mama Yustina kupitia dirisha la mahabusu. "Kuoza ndiyo kazi yake."

"Wewe Asteria," mama akajibu, "umesoma sana, lakini hujawahi kuwa na kesi."

*

Mahakama Kuu ya nchi ile ilinuka. Siisemi kwa kejeli, ilinuka. Palikuwa na desturi kwamba kielelezo kikishapokelewa hakitoki hadi kesi iishe, na kesi hazikuwa na tabia ya kuisha. Ghala la vielelezo lilikuwa nyuma ya kiti cha Jaji, na bati lake lilivuja. Mlikuwa na magunia ya sato wa kesi ya uvuvi haramu, ambayo mshitakiwa wake alishakufa kwa uzee. Mlikuwa na madebe ya maziwa yaliyosemekana kuongezwa maji. Mlikuwa na mbuzi wa wizi, ambaye sasa alibaki pembe, kengele na umajimaji fulani, na bado kila kesi yake ilipotajwa aliitwa kwa sauti, na karani alimwitikia. Funza walivuka kizingiti, wakaja hadi kwenye meza ya mawakili. Mawakili walitia karafuu puani, wakaendelea.

Jaji Pantaleo Simbeye hakutia karafuu. "Hiyo mnayoisikia si harufu mbaya," alipenda kusema. "Ni harufu ya mchakato."

Upande wa mashitaka, kwa fedha za Wafungashaji, ulimkodi Profesa Ladislaus Mchomvu, bingwa wa sheria ya mwenendo wa mashauri. Tasnifu yake ya uzamivu iliitwa Pingamizi la Awali kama Njia ya Maisha. Ilisemekana kwamba siku ya harusi yake padri aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na bwana harusi akasimama.

Mfuko wa Dakta Asteria ukapokelewa kuwa Kielelezo Namba Moja. Mfuko wa nailoni wenye jani, uliokamatwa kwenye mchongoma kwa ajili ya kulinganisha, ukawa Namba Mbili. Jaji akasoma kanuni: kielelezo kitabaki kama kilivyopokelewa hadi siku ya hukumu, na kielelezo kilichobadilika kitaondolewa mahakamani, kitatupwa jalalani, na hakitatajwa tena na mtu yeyote.

Dakta Asteria akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Jaji, mkiuweka humo ghalani utaoza."

"Utaoza kwa idhini ya nani?"

"Kwa unyevu, Mheshimiwa. Na bakteria."

"Bakteria hao wamejiunga kama wahusika katika shauri hili?"

Karani akatazama. Hawamo.

"Basi hawataugusa."

"Mheshimiwa, naomba basi nisikilizwe leo. Nina udongo wangu hapa, nina mifuko mingine iliyofikia hatua mbalimbali, nitaeleza kila kitu mpaka—"

Profesa Mchomvu alikuwa amekwisha kusimama. "Mheshimiwa, nina pingamizi la awali. Mshitakiwa anataka kuthibitisha kwamba mfuko huu unaoza. Mfuko huu ni mzima; nauona hapa. Kinga yake imeletwa kabla ya wakati. Mfuko uoze kwanza, ndipo aje."

Jaji alifumba macho, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake. Pingamizi likakubaliwa. Shauri likaahirishwa, mshitakiwa akarudi mahabusu, mfuko ukaingia ghalani, ukalazwa kati ya sato na mbuzi.

*

Masika yalikuja, yakapita kwenye bati lile, yakaondoka. Shauri likaitwa tena.

Karani aliingia ghalani na sinia, akatoka na sinia. Upande mmoja palikuwa na Kielelezo Namba Mbili, kinang'aa, jani lake bichi. Upande wa pili palikuwa na utope mweusi, na juu ya utope uyoga mmoja mnene, mweupe, wenye kichwa cha kunata.

"Kielelezo Namba Moja," akaita Jaji.

"Hakipo, Mheshimiwa. Pana uyoga."

Dakta Asteria alicheka kwa mara ya kwanza tangu sokoni. "Ndio wenyewe, Mheshimiwa. Umeoza. Mlisema uoze, umeoza, na nyote mnauona."

"Mheshimiwa, nina pingamizi la awali," akasema Profesa Mchomvu. "Kielelezo hakipo. Mshitakiwa anaomba Mahakama ichunguze kitu ambacho hakipo. Kinga yake imepitwa na wakati."

"Ulisema imekuja mapema, Profesa," akasema Asteria.

"Nilisema. Ilikuwa mapema. Sasa imechelewa."

"Ilitakiwa ije lini?"

"Hapo katikati, Daktari. Mahakama ilikuwa likizo."

Pingamizi likakubaliwa. Jaji akakipongeza Kielelezo Namba Mbili kwa uvumilivu na heshima yake kwa Mahakama, akaagiza kiwekewe mto. Kwa Kielelezo Namba Moja alitoa hati ya kukamatwa, kwa kosa la kutoroka kikiwa chini ya ulinzi. Askari walichimba ghala zima, wakakosa mfuko, wakamkamata uyoga. Uyoga alikataa kutoa maelezo. Askari aliyeachwa kumlinda alimkaanga na kitunguu, akamla, akaharisha mpaka akaitwa yeye mwenyewe eneo la tukio. Hayo nimeyasikia tu, siapi.

Likabaki tatizo. Bila kielelezo kesi haiwezi kuendelea, na bila hukumu kesi haiwezi kwisha. Jaji Simbeye alilifikiria akiwa amejishika kidevu, kisha akatoa uamuzi unaofundishwa vyuoni hadi leo. Kwa kuwa mfuko ulitoka katika mikono na kichwa cha mshitakiwa, mshitakiwa ataushikia nafasi. Dakta Asteria Lumbwe anapokelewa kuwa Kielelezo Namba Moja.

"Mheshimiwa," akasema Asteria, "mimi ni mtu."

"Hilo ni suala la undani wa kesi, Daktari. Mahakama hii bado iko kwenye taratibu."

Wakamning'inizia kibao shingoni, wakamwingiza ghalani.

*

Sitaki kukueleza sana maisha ya mle ndani, maana huenda unasoma baada ya kula. Nitasema tu kwamba alilala juu ya magunia ya sato kwa sababu sakafuni palikuwa panatembea. Rafu ya juu, kwenye mto wa hariri, aliketi Namba Mbili. Karani alikuja kila mara kumkagua Asteria: meno, uzito, nywele, kama zilivyokuwa siku ya kupokelewa.

Mama Yustina aliruhusiwa kuja. Vitumbua vilikataliwa, maana kielelezo hakiruhusiwi kunenepa. Lakini huzuni haikaguliwi mlangoni, na haikuchukua muda nywele za Asteria zikaanza kuingia mvi. Mama alipoona ile ya kwanza alirudi mbio nyumbani, akaja na piko la kuficha mvi, lile la bei rahisi linalotoka kwa sabuni, amelificha kwenye upindo wa khanga. Tangu hapo kila ukaguzi ulipokaribia alimpaka mwanawe kichwa kizima, akisali rozari yake na kuwatukana majaji kwa pumzi moja.

"Inama, mwanangu."

"Mama, nimechoka kupakwa."

"Inama. Wakikuona na mvi watasema umebadilika, watakutupa. Hukuisikia kanuni?"

Asteria aliinama. Mama akapaka kidogo, kisha akasikia kichwa kimetulia mno chini ya vidole vyake.

"Watanitupa wapi, mama?"

"Jalalani. Wapi tena?"

"Jalala lina mlango?"

Mkono wa Mama Yustina ukasimama. "Jalala gani lina mlango, wewe?"

"Lina askari?"

"Lina kunguru."

Asteria alichukua kibakuli cha piko, akakimwagia mbuzi. "Kesho niletee sabuni," akasema.

"Na huyo profesa asiposimama? Yeye ndiye anataka uozee humu."

"Atasimama. Pingamizi kwake ni kama kinyesi kwa nzi. Mama, ulishaona nzi akakipita akasema leo nimeshiba?"

*

Siku shauri lilipotajwa, Asteria aliingia mahakamani na kichwa cheupe pe, kimeoshwa, kinanukia sabuni ya mche. Watu wa karibu walitoa karafuu puani ili waisikie hiyo sabuni.

Mwenyekiti wa Wafungashaji, aliyekaa nyuma ya wakili wake, alielewa mara moja. Akamvuta Profesa joho.

"Kaa chini. Usiseme kitu."

"Najua," akanong'ona Profesa Mchomvu. Jasho lilimtoka. Aliyashika magoti yake kwa mikono miwili. Akatazama dari, akatazama bendera, akatazama sato. Kisha macho yakarudi kwenye zile nywele, na magoti yakanyanyuka yenyewe.

"Mheshimiwa, nina pingamizi la awali."

"Ladislaus, nakuua," akasema Mwenyekiti.

"Kielelezo Namba Moja kimebadilika rangi. Hakiko kama kilivyopokelewa. Naomba kiondolewe mahakamani, kitupwe jalalani, na kisitajwe tena na mtu yeyote."

Jaji Simbeye aliomba kioo cha kukuzia, akashuka kitini, akamkagua Asteria unywele kwa unywele. Ilikuwa kweli. Pingamizi likakubaliwa.

"Unamwachia wewe, mpumbavu," Mwenyekiti alimwambia wakili wake palepale.

"Kwa undani, ndiyo," Profesa akajibu, akijifuta jasho kwa tai, uso umemng'aa kama wa mzazi. "Lakini kwa taratibu nimeshinda."

*

Lori la taka la manispaa lilimpeleka Dakta Asteria jalalani pamoja na maganda ya siku hiyo, likainua tumbo lake, likammwaga. Alibingirika hadi chini. Kila alipoweka mkono alishika mifuko ya nailoni: mizima, laini, yenye jani, imejaa yale yale ya Mabondeni na imeyatunza vizuri kuliko nchi ile ilivyotunza kitu chochote. Mmoja ulipasuka chini ya goti lake. Akatapika. Kisha akasimama, akaenda kwao kwa miguu, na kunguru wakampisha.

Barabarani askari wa zamu akamsimamisha.

"Kitambulisho."

"Sina. Mimi ni taka."

Askari akapiga simu makao makuu kuuliza. Makao makuu wakamjibu kwamba mtu huyo hatajwi, na wakamwuliza kwa ukali ni kwa nini amemtaja. Akamfungulia njia, akageuka kutazama ukuta mpaka amepita.

Hivyo ndivyo Dakta Asteria alivyorudi Mabondeni, akainjika masufuria ya muhogo mchana kweupe. Mifuko isiyo na jani ikaenea mtaa mzima. Watu wakachimba mashimo, wakaifukia pamoja na mizigo yake, na juu ya mashimo wakapanda matembele. Wafungashaji walikwenda kushitaki mara kadhaa. Kila mara karani aliwauliza wanamshitaki nani, na wao, kwa amri ya Mahakama, hawakuweza kusema.

Wakazi wa Mabondeni walilitafakari jambo hilo wakila vitumbua. Taka haitibiwi hospitalini. Wao walitibiwa lini? Taka haipelekewi maji. Taka haijengewi choo, haisikilizwi, na kiongozi akiipitia huziba pua na kupandisha kioo cha gari. Waligeuza huku na huku, wakaona tofauti kati yao na taka ni moja tu: taka haikamatwi.

Kulipokucha, foleni ilianzia kwenye ngazi za Mahakama Kuu, ikazunguka jengo, ikashuka hadi sokoni. Kila mtu alikuwa anaomba apokelewe kuwa kielelezo, kisha atupwe. Wengine walijipaka majivu kichwani, wengine walijikamua limau machoni wazeeke upesi. Ndani, Profesa Mchomvu alisikika akipinga mmoja baada ya mwingine, sauti imemkauka, na wala haonyeshi kuchoka.

Mama Yustina alifika asubuhi na kigoda chake kichwani. Alisimama nyuma ya kijana mmoja mwenye limau mkononi.

"Wa mwisho nani hapa?"

"Shikamoo mama. Wa mwisho ni mimi," kijana akasema. "Ila kuna askari yuko nyuma yangu, kaenda mara moja kujisaidia. Akirudi na mfuko wake, mpishe."